KIGUGUMIZI SI KITU CHA KUFICHA



Mwezi uliopita, katika mkutano wa makatekista, mzee mmoja ambaye namheshimu sana alisimama akasema hivi: «Mwenye kigugumizi ashike jembe au nyundo, na kinywa awaachie wenye kinywa. Kasoro ya mwili ni kama kidonda: mwenye adabu hukifunika.» Watu wakacheka kidogo, wengine wakapiga makofi. Mzee hakusema kwa ubaya. Hakujua kwamba mtu aliyeketi nyuma yake, kwenye benchi la pili, ana kigugumizi tangu utoto wake, na mtu huyo ndiye mimi.

Katika parokia yangu watu wanajua tangu miaka mitatu. Lakini katika mikutano mikubwa bado nilikuwa nakaa kimya, nikiandika-andika kwenye daftari kama mtu mwenye mawazo mengi. Siku ile pia sikumjibu. Ningeweza kuwaambia kwamba nilinyamaza kwa heshima ya mvi zake. Si kweli. Nilinyamaza kwa sababu neno la kwanza la jibu langu lilikuwa «Mzee», na ile M ilikataa kutoka. Basi leo namjibu kwa kalamu, ambayo haina kigugumizi, na gazeti hili nitampelekea mwenyewe kwa mkono.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe, maana wengi wanakihukumu bila kukijua. Mwenye kigugumizi anajua anachotaka kusema. Neno liko tayari kichwani, zima kabisa, lakini njiani linakwama. Pengine herufi ya kwanza inarudiwa mara nne au tano, pengine inavutwa, pengine hakuna sauti hata kidogo, na mtu anabaki kinywa wazi kama samaki aliyetupwa kwenye mchanga. Si upungufu wa akili. Si woga, ingawa woga hukizidisha. Kati ya watoto mia, kama watano hivi hupatwa nacho, wengi wakianza kati ya umri wa miaka 2 na 5, na walio wengi kinawaacha kabla ya kukua. Kwa watu wazima hubaki karibu mtu mmoja katika mia, na wanaume kama wanne kwa mwanamke mmoja. Basi piga hesabu: parokia yenye wakristu wazima 3000 inao watu 30 hivi. Umewaona wapi? Ukisema hujamwona hata mmoja, usidhani kwamba hawapo. Wamefuata shauri la mzee wetu.

Tena kigugumizi hufuata ukoo mara nyingi. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walioongozwa na Dennis Drayna walitangaza kwamba wamevumbua mabadiliko katika jeni tatu za watu wenye kigugumizi, wakianzia na jamaa za Pakistani. Mwaka 2015 wakaongeza jeni ya nne, na hiyo waliipata kwa kuchunguza ukoo mkubwa wa Afrika yetu, wa Kameruni. Jeni hizo huonekana kwa sehemu ndogo tu ya wagonjwa, hazielezi yote. Hata hivyo zinatosha kuwanyamazisha wale wanaosema kwamba mama alimtekenya mtoto mno, au kwamba babu amemfunga ulimi kwa sababu hakupewa mbuzi wake.

Na tusidhani kwamba wajinga ni sisi peke yetu. Mwaka 1841 daktari mkubwa wa Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach, alikuwa akiwakata watu ulimi kwa kisu, akitoa kipande cha nyama kwenye shina lake, ili wapone kigugumizi. Hakukuwa na dawa ya kuzuia maumivu. Mimi nikisikia bibi wa kijijini anataka kumpiga mtoto mdomoni kwa mwiko ili ashtuke na kusema vizuri, namkumbuka daktari yule na kofia yake ya profesa, nami simcheki bibi.

Sasa juu ya kuficha. Mzee wetu anadhani kwamba kufunika kidonda ni kazi ndogo: unaweka kitambaa, yamekwisha. Laiti angejua ni kazi ya namna gani! Mimi nimeifanya miaka ishirini na zaidi, nami nawaambia kwamba hakuna kibarua kinachochosha kama hicho. Nilikwenda dukani kununua mkate, nikarudi na biskuti, kwa kuwa neno «mkate» lilinisimamia mlangoni mwa kinywa. Mara ngapi hapa Lubumbashi nimepanda basi, nikashindwa kumwambia mpokea faranga «Kamalondo», basi likapita, nikashuka Kenya (nasema mtaa wetu wa Kenya, siyo nchi ya watu) na kurudi kwa miguu juani! Simu ikilia, nilimpa mke wangu, nikijifanya mikono yangu ina sabuni. Zamu ya kusoma Misani ikifika, macho yaliniuma. Wiki iliyofuata lilikuwa koo. Mke wangu alifikiri ameolewa na mgonjwa.

Siku moja kwenye bariyere ya njia kubwa askari aliniuliza jina langu. Kwa wengi wetu jina ndilo neno gumu kupita yote, sababu haliwezi kubadilishwa na lingine. Ukishindwa kusema «mkate» utasema «biskuti», lakini ukishindwa kusema Petro huwezi kusema Paulo. Nikakwama. Askari akawaita wenzake: «Njooni mwone mtu asiyejua jina lake!» Wakaona karata yangu ni ya kuiba. Nami, badala ya kusema «nina kigugumizi», nilishika shavu na kuonyesha kwamba jino linaniuma. Naam, mwalimu wa dini alidanganya waziwazi, mchana, mbele ya abiria wa kamyo nzima. Tukakaa pale saa mbili mpaka mama mmoja muuza samaki, aliyenifahamu, aliponitetea. Yeye alikuwa anajua siku zote. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mti mwembamba kuliko tumbo langu.

Mmarekani mmoja, Charles Van Riper, ambaye baadaye alikuwa mwalimu mkubwa wa kutibu kigugumizi, alipokuwa kijana alifanya kazi shambani kwa watu akijifanya kiziwi na bubu, ili asiulizwe neno. Mwenzake, Joseph Sheehan, naye mwenye kigugumizi, alikifananisha na mlima wa barafu unaoelea baharini: kipande kidogo kinaonekana juu ya maji, sehemu kubwa imezama, nayo ndiyo haya, woga, hila na uongo. Sisi tusiojua barafu tuseme kiboko wa Lualaba: mnaona masikio na pua, na mtumbwi unapinduliwa na kile msichokiona. Kukwama kwangu kwenye neno «Mzee» kungedumu labda nukta kumi. Kuficha kumedumu nusu ya maisha yangu.

Wahenga walisema: Mficha uchi hazai. Na kuhusu kidonda, mzee wangu, wewe mwenyewe umekuwa mwuguzi katika kituo cha afya kabla ya kuwa katekista. Kidonda kinachofunikwa bila kuonyeshwa kwa mtu yeyote hufanya nini?

Lakini sikuacha kuficha kwa sababu ya methali, wala kwa sababu ya vitabu. Niliacha kwa sababu ya mtoto mmoja.

Alikuwa katika darasa langu la mafundisho, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Sitamtaja jina. Siku moja nilikuwa nauliza maswali, nikafika kwake. Akasimama. Nikaona midomo yake inakaza, mshipa wa shingo unatoka, na hakuna sauti. Nilijua mara moja. Hakuna mtu mwingine katika chumba kile aliyejua kama nilivyojua mimi. Watoto wakaanza kucheka, mmoja akaigiza. Nami nikafanya nini? Nikasema haraka: «Keti. Anayefuata.» Nikampita kama yule kuhani na yule Mlawi walivyompita mtu njiani kwenda Yeriko. Niliogopa. Niliogopa kwamba nikimngoja, nikimtazama mno, watoto watamtazama yeye kisha watanitazama mimi na kuona kwamba tunafanana.

Juma lililofuata hakuja. La pili hakuja. Katika juma la tatu mama yake aliniambia sokoni kwamba mtoto anasema dini ni ngumu, ameacha. Nikarudi nyumbani, sikula.

Katika seminari, nilipokuwa kijana, mkubwa wetu mmoja aliniondoa katika orodha ya wasomaji wa chumba cha kulia. Alifanya kwa huruma, bila kelele, na wenzangu wakaniambia nina bahati. Tangu siku ile sikusoma tena kwa sauti miaka minne. Nilitoka seminari baada ya filosofia kwa sababu nyingine pia, sitaki kudanganya tena na kukibebesha kigugumizi mambo yasiyo yake. Lakini neno lile la huruma, «tumekupumzisha», lilinikaa moyoni kama mwiba wa samaki. Na sasa mimi mwenyewe nilikuwa nimempumzisha mtoto wa watu.

Nikaenda kwao Jumapili jioni. Nikamkuta anamenya mihogo. Nikamwambia: «M-m-mimi pia.» Sikufanya kusudi, ndivyo ilivyotoka, nami kwa mara ya kwanza sikuizuia. Mtoto akanitazama muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo wakubwa hawaulizi: «Mwalimu, na wewe hushuka basi mahali pasipo pako?» Tukacheka hata mama yake akatoka nje kuona kuna nini.

Jumamosi iliyofuata nikasimama mbele ya darasa, nikasema: «Wanangu, mimi nina kigugumizi. Maneno mengine yatachelewa. Nikikwama, ngojeni, najua ninachotaka kusema. Na katika darasa hili kila mtu atangojwa vilevile.» Jambo lilikwisha kwa dakika moja. Yule aliyekuwa anaigiza akauliza kama kinauma. Nikasema hapana, kinachouma ni kicheko. Mtoto wetu alirudi. Siku ya mtihani wa ubatizo, padri alimwuliza swali, na jibu lilichukua muda ambao ungetosha kusali Baba Yetu. Padri aliweka mikono yake juu ya meza akangoja. Jibu lilikuwa sahihi.

Ninajua wapinzani wangu watasema nini, kwa kuwa nimesikia yote.

Watasema: Musa pia alikuwa na ulimi mzito, na Mungu akampa Haruni kuwa msemaji wake, kwa hiyo na wewe umtafute Haruni wako, unyamaze. Hili linapendwa sana, basi tulitazame vizuri. Kwanza, Musa hakuficha. Mbele ya kile kichaka cha moto alisema wazi kwamba yeye si msemaji, ulimi wake ni mzito. Na katika sura ya sita ya Kitabu cha Kutoka akasema tena mara mbili. Pili, jibu la kwanza la Mungu halikuwa Haruni. Jibu la kwanza lilikuwa swali: ni nani aliyemwumbia mtu kinywa? Na ahadi kwamba atakuwa pamoja na kinywa kile. Haruni alikuja baadaye, Musa alipokataa hata Mungu akakasirika. Tatu, na hapa nawaomba mnisamehe, yule Haruni mwenye maneno mazuri ndiye aliyewatengenezea watu ndama wa dhahabu, kisha akajitetea kwa ufasaha kwamba alitupa dhahabu motoni na ndama akatoka mwenyewe! Nami ningependa kuongozwa na mkweli anayekwama kuliko na msemaji wa namna hii. Tena fungueni Kumbukumbu la Torati mhesabu sura: ni nani anayehutubia taifa zima kabla ya kufa kwake? Haruni alikwisha kufa.

Watasema: inafaa kuombewa, maana Yezu alimponya yule kiziwi. Kweli. Injili ya Marko, sura ya saba, inamtaja kwa neno la Kigiriki lenye maana ya mtu anayesema kwa shida. Basi angalieni Bwana alivyofanya: alimtoa pembeni, mbali na kundi la watu. Hakumpandisha jukwaani na kipaza sauti, hakumwita ana pepo mbele ya mama yake, hakutoza faranga. Mimi nimeshikwa kichwa na watu wa sala mara tatu, na mara moja ilikuwa ni katika vikundi vyetu wenyewe, siyo kwa wachungaji wa kando. Kila mara nilitoka na kigugumizi kile kile, na juu yake lawama kwamba sina imani. Anayetaka kuniombea aniombee nyumbani kwake, nitashukuru.

Watasema: Neno la Mungu litachekwa. Mwaka 912, katika monasteri ya Sankt Gallen, nchi inayoitwa leo Uswisi, alikufa mmonaki Notker, ambaye vizazi vyote vimemwita Balbulus, yaani mwenye kigugumizi. Alikuwa mwalimu, mtunga nyimbo. Sekwensia zake ziliimbwa kabla ya Injili katika makanisa mengi ya Ulaya. Alipoandika habari za kaisari Karoli Mkuu alijitaja mwenyewe kuwa mtu mwenye kigugumizi na asiye na meno. Aliandika waziwazi, kitabuni, kwa kazi iliyokuwa ya kitukuu wa mfalme! Na Kanisa likamtangaza mwenye heri, hapo mwanzo wa karne ya 16. Hakuna aliyesema kwamba amelichekesha Neno.

Ni kweli kwamba Kanisa lenyewe lilikuwa na sheria ngumu. Kitabu cha Sheria cha 1917 kiliwazuia katika upadri wenye kasoro za mwili zisizowaruhusu kuhudumu altareni kwa usalama au kwa heshima, na wenye ulimi mzito wengi walihofia mlango huo. Kitabu cha 1983 kimeondoa kizuizi hicho katika orodha yake. Roma imekwisha kukitoa. Kwa nini sisi tunakirudisha kwa mlango wa nyuma, sakristiani, tunapoandika orodha ya wasomaji?

Na kwa kuwa nimeanza kusema mambo ya nyumbani, niseme na hili. Joe Biden, aliyekuwa rais wa Marekani kutoka 2021 hata 2025, mkatoliki mwenzetu, amesimulia mwenyewe kwamba alipokuwa mvulana wa shule sista mmoja aliigiza kigugumizi chake mbele ya darasa. Mtoto akatoka akaenda nyumbani. Mama yake akamrudisha siku hiyo hiyo, akamkabili sista na kumwahidi kwamba akirudia atamvua kitambaa cha kichwa. Sisemi kwamba akina mama wawavue masista vitambaa. Nasema tu kwamba mama yule hakumwambia mwanawe akifunike.

Sasa nifike kwenye kazi, ambapo neno langu ni gumu zaidi, kwa sababu hapa mpinzani ana haki kidogo. Anasema: «Kijana akisema mbele ya biro ya kuajiri kwamba ana kigugumizi, hawatampa kazi.» Ndiyo, wengine hawatampa. Sitaki kumdanganya kijana yeyote. Kazi ni chache, watu ni wengi, na mwenye biro anatafuta sababu ya kupunguza mafungu ya barua mezani. Lakini fikirini upande wa pili. Kijana anayeficha anapoulizwa swali hujibu kwa neno fupi ambalo si lile alilotaka, kwa sababu lile alilotaka linakwama. Huangalia chini. Hucheka pasipo kitu cha kuchekesha. Mwenye biro hajui habari za kigugumizi. Anaona mtu asiyejua kazi, au mbaya zaidi, mtu mwenye jambo la kuficha. Je, hapo amepewa kazi?

Ndugu yangu wa ukoo alikuwa karani katika bohari moja. Alijua hesabu kuliko wote, lakini miaka sita alikataa cheo kwa sababu cheo kile kilikuwa na simu. Kila walipomwita alisema ameridhika. Mwisho alimwambia mkubwa wake, akitetemeka: «Bwana mkubwa, simu inanishinda kwa kigugumizi, si kwa kiburi.» Yule mkubwa akashangaa. Akasema: «Miaka yote hii mimi nilidhani unatudharau!» Wakapatana: habari fupi atatuma kwa maandishi, na kwa simu ataanza kwa kusema hali yake, mtu wa upande wa pili angoje. Bado hukwama kila siku. Mshahara umepanda.

Mnaona, asiyeambiwa hujaza pengo mwenyewe, na hulijaza vibaya. Na kuna namna ya kuambia. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin waliwaonyesha watu wasemaji wenye kigugumizi. Wengine walianza kwa kutoa habari tu: nina kigugumizi, mtasikia nikirudia maneno, mkitaka kuuliza mniulize. Wengine walianza kwa kuomba radhi. Wasikilizaji waliwapima vizuri zaidi wale waliotoa habari kuliko wale walioomba radhi. Jambo hili mimi nimelijaribu hapa kwetu, nami nakubali. Ukisema «mnisamehe, mnivumilie, mimi maskini», umewafundisha watu kwamba umewakosea. Umewakosea nini? Mtu mwenye mguu mmoja haombi radhi kwa ngazi. Anasema «nitapanda polepole», na wote wanapunguza mwendo. Mzee wetu anaogopa kwamba kujitangaza ni kutafuta huruma. Kumbe anayetafuta huruma ni yule mwenye jino la uongo kwenye bariyere.

Neno moja kwa ninyi mnaosema vizuri. Tafadhali msitumalizie maneno. Najua ni upendo. Lakini mara nyingi mnamalizia vibaya, nasi tunakubali kwa uchovu. Mimi nimepata kuchanga faranga za harusi ya mtu nisiyemjua kwa sababu jirani alimalizia sentensi yangu. Msituambie «pumua kwanza» au «usiogope». Msitazame pembeni wala saa. Ngojeni tu, kama mnavyomngoja mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

Wazazi wenye mtoto mdogo anayeanza kukwama, msimkemee na msimlazimishe kuanza upya. Mwaka 1939 huko Iowa, Marekani, chuo kikuu kilifanya jaribio baya kwa watoto yatima: wengine waliokuwa wanasema sawasawa waliambiwa kwamba wanaanza kuwa na kigugumizi, wakarekebishwa kila neno. Kadhaa wakawa waoga wa kusema, wakajifungia. Mwaka 2001 chuo kiliomba radhi. Sisi tunafanya jaribio lile nyumbani kila jioni, bure.

Na mapadri wetu wapenzi! Mmeona jambo hili? Watu wengi wenye kigugumizi wakiimba, hawakwami. Wakisali rozari pamoja na wote, hawakwami. Katika kwaya yetu yuko mwanamume anayeimba besi kama ngoma, na wengi hawajui kwamba hawezi kutaja jina lake peke yake. Kwa hiyo siku ya ndoa yake, mbele ya watu mia tatu, nguo mpya, jasho, alipofika kwenye ahadi, alisimama pale kwenye jina la bibi arusi hata wajomba wakaanza kunong'ona kwamba amebadili nia. Bibi arusi alilia. Padri angeweza kuambiwa kabla, na wangepanga wakaisema pamoja sauti moja, ingetoka kama maji. Sheria ya Kanisa inamruhusu hata asiyeweza kusema kukubali ndoa kwa ishara. Lakini hakuna aliyemwambia padri kitu, sababu bwana arusi alikuwa amefunika kidonda chake kwa adabu, kama alivyofundishwa.

Basi, mzee wangu, nimemaliza, na kwa kalamu nimesema mambo ambayo kwa mdomo yangechukua siku mbili. Nabaki na tangazo. Siku ya Pentekoste nimeomba mwenyewe nipewe somo la kwanza. Unalijua: lina majina yale yote, Parti, Media, Mesopotamia, Ponto, Frigia, Pamfilia. P na M ndizo adui zangu tangu utoto, nao wamejipanga pale safu nzima. Njoo parokiani kwetu, Misa ya saa mbili. Itakuwa ndefu. Mama atakayekuwa ameacha sufuria motoni amwombe jirani aiangalie.